Zohali ni sayari ipi hasa? Vitabu viwili vinapingana

MwalimuWaMbale ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, natumaini mu wazima. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari mjini Mbale, na muhula huu nimeamua kuwafundisha wanafunzi wa kidato cha kwanza msamiati wa mambo ya anga. Majina ya Kiingereza ya sayari walikwisha kuyakariri tangu shule ya msingi, kwa hiyo nilidhani kazi yangu ingekuwa kuweka jina la Kiswahili kando ya kila jina wanalolifahamu, basi. Nimekwama siku ya kwanza.

Ninavyo vitabu viwili. Kimoja nilikinunua Busia, upande wa Kenya, na kingine nililetewa na shemeji yangu kutoka Mwanza. Kitabu cha kwanza kinazitaja sayari tisa kwa mpangilio huu, kuanzia iliyo karibu na jua: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Sumbula, Sarateni, Zohali, Kausi na Utaridi. Cha pili kinazitaja nane tu: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni. Tazameni wenyewe: katika kitabu kimoja Utaridi ni ya mwisho kabisa, huko gizani kusikofika joto, na katika kingine ndiyo iliyo jirani na jua kuliko zote. Zohali ni ya saba huku na ya sita kule. Mwanafunzi mmoja ameviona vitabu vyote viwili mezani pangu na ameniuliza mbele ya wenzake kipi kinasema kweli.

Naomba mnieleze majina yaliyo sahihi ni yapi, na kwa nini huyu anahesabu tisa na yule nane. Tena, kwa kuwa mimi si mtu wa sayansi, ningefurahi kama mngenieleza kwa ufupi sayari zenyewe zikoje, na kama zipo zinazoweza kuonekana kwa macho kutoka hapa Uganda, maana shule yetu haina darubini wala haina fedha ya kuinunua.


MzeeWaBombo alijibu:

Binti yangu, pole kwa kukwama, lakini umekwama mahali pazuri. Nitajibu suala la majina peke yake, kwa sababu ndilo ninaloliweza. Mengine watakujibu vijana waliosoma fizikia.

Zamani sana, kabla ya darubini kuvumbuliwa, watu walioangalia anga waligundua kwamba karibu nyota zote hukaa mahali pake, moja haisogei karibu na mwenzake wala haiachi kundi lake, isipokuwa tano ambazo hutangatanga, mwezi huu ziko katika kundi hili na mwezi ujao zimehamia katika kundi jingine. Hizo tano ndizo sayari, na neno lenyewe la Kiarabu lina maana ya kitu kinachosafiri. Waarabu walizipa majina, na Waswahili wa pwani, ambao mabaharia wao waliongozwa na nyota usiku, wakayapokea: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Utaridi ndiyo ambayo Waingereza huiita Mercury, Mshtarii ni Jupiter, na Zohali ni Saturn.

Sasa angalia kitabu chako cha Busia. Kinasema kwamba Zohali ni sayari ya saba, yaani Uranusi. Uranusi ilitambuliwa kuwa sayari mwaka 1781, na neno Zohali lilikuwa likitumika karne nyingi kabla ya hapo. Haiwezekani babu zetu walikipa jina kitu ambacho hakuna aliyejua kwamba ni sayari. Utaridi nayo imepachikwa kwenye Pluto, ambayo iligunduliwa mwaka 1930, wakati neno Utaridi limo katika vitabu vya falaki vya kale. Majina haya mawili yamehamishwa kutoka kwa wenyewe na kupewa wageni, nadhani kwa sababu mwandishi alikuwa na sayari tisa za Kiingereza mkononi na akataka kila moja ipate jina lenye sauti ya Kiswahili.

Na hayo majina mengine, Sumbula, Sarateni na Kausi, si majina ya sayari hata kidogo. Ni majina ya buruji, yale makundi kumi na mawili ya nyota ambayo jua hupita mbele yake katika mwaka. Sumbula ni shuke la nafaka, Kausi ni upinde, na Sarateni ni kaa, neno lilelile ambalo leo tunalisikia hospitalini tunapotaja ugonjwa wa saratani. Kuiita sayari Sumbula ni sawa na kumwita mpita njia kwa jina la kijiji anachokipitia. Zebaki pia ina kasoro yake: zebaki ni ile madini ya majimaji inayong'aa, ambayo Kiingereza huiita kwa jina moja na sayari. Inaelekea mtu alifungua kamusi, akaona neno hilo, akaandika maana ya madini badala ya maana ya sayari.

Kwa upande wa Uranusi na Neptuni, hazina majina ya asili katika Kiswahili, na hilo si aibu. Hata Waarabu wenyewe waliyachukua majina ya Ulaya kwa sayari hizo mbili. Kwa hiyo kitabu cha Mwanza ndicho kilichofuata njia iliyonyooka.


FundiWaKasese alijibu:

Mzee wangu, shikamoo, na ahsante kwa somo hilo. Mimi mwenyewe nilikuwa nikisema Sumbula mpaka leo asubuhi. Mwalimu, nitaendelea pale alipoachia Mzee, na nitatumia majina ya kitabu chako cha pili.

Suala la tisa na nane lina tarehe yake. Pluto ilihesabiwa kuwa sayari ya tisa kuanzia mwaka 1930 hadi tarehe 24 Agosti 2006, siku ambayo wanafalaki wa Umoja wa Kimataifa wa Falaki, wakikutana mjini Prague, walipiga kura juu ya maana ya neno sayari. Walikubaliana kwamba sayari ni lazima izunguke jua, iwe na uzito wa kutosha kujivuta yenyewe mpaka ikawa duara, na iwe imefagia njia yake, yaani pasiwe na magimba mengine yanayolingana nayo katika njia hiyo. Pluto ilishindwa sharti la tatu, kwa kuwa inaishi katikati ya kundi kubwa la magimba ya barafu, na mwaka 2005 lilikuwa limepatikana jingine huko, Eris, lenye ukubwa unaokaribia sana ule wa Pluto. Ama uyaite yote sayari, na orodha iendelee kurefuka kila mwaka, ama uweke mpaka. Wakaweka mpaka, na Pluto ikaitwa sayari kibete. Wapo wanaolalamika hadi leo, lakini kumbuka kwamba Pluto ina kipenyo cha kilomita 2,377 tu, ilhali mwezi wetu una kilomita 3,474.

Sayari nane zilizobaki zimegawanyika katika jamii mbili. Nne za karibu na jua ni za mawe, na unaweza kusimama juu yake, ikiwa hutakufa kwanza. Nne za mbali ni kubwa mno na hazina ardhi ya kukanyaga.

Utaridi ni ndogo kuliko zote, na haina angahewa ya maana ya kuhifadhi joto, kwa hiyo mchana wake hufika nyuzi joto 430 na usiku wake hushuka hadi 180 chini ya sifuri. Huzunguka jua kwa siku 88. Wanafunzi wengi watakuambia kwamba, kwa kuwa iko karibu na jua, ndiyo yenye joto kuliko zote, na hapo ndipo pa kuwashtua, kwa sababu Zuhura, ambayo ni ya pili, inaishinda. Zuhura imejifunika blanketi zito la hewa ya kaboni dioksidi, ambayo huliruhusu joto la jua kuingia na kulizuia lisitoke, na matokeo yake ni nyuzi 465 usiku na mchana, joto la kuyeyusha risasi. Mgandamizo wa hewa yake unaishinda ya kwetu mara 90 na zaidi, na mawingu yake ni ya asidi. Warusi walituma vyombo huko mara nyingi. Venera 13 kilitua mwaka 1982, kikapiga picha za rangi, na kikadumu dakika 127 kabla ya kunyamaza. Jambo jingine linalonifurahisha ni kwamba Zuhura hujizungusha kinyume, jua lake huchomoza magharibi, na hujizungusha polepole kiasi kwamba mzunguko wake mmoja juu ya mhimili huchukua siku 243 za kwetu, wakati mwaka wake ni siku 225. Watoto wapendao siku ya kuzaliwa wangefaidi sana huko.

Dunia mnaijua, ingawa nitaongeza kwamba iko kilomita milioni 150 kutoka kwenye jua, na kwamba mwanga huchukua zaidi kidogo ya dakika nane kutufikia.

Mirihi ni nyekundu kwa sababu udongo wake umejaa kutu ya chuma. Siku yake inakaribia ya kwetu, saa 24 na dakika 40 hivi, lakini mwaka wake ni siku 687. Mimi ni mtu wa Kasese, nimekua nikiutazama Rwenzori kila mawingu yanapofunguka, na kilele chake cha Margherita kina mita 5,109. Basi huko Mirihi uko mlima uitwao Olympus Mons, volkeno iliyozimika, wenye urefu unaokaribia kilomita 22. Weka Rwenzori nne moja juu ya nyingine na bado hujafika. Ndiyo sayari iliyotembelewa na vyombo vingi kuliko nyingine yoyote, na mwaka 2021 helikopta ndogo iliruka huko katika hewa nyembamba mno, jambo ambalo halikuwahi kufanyika nje ya dunia.

Baada ya Mirihi kuna ukanda wa mawe yanayozunguka jua, asteroidi, halafu unafika kwa Mshtarii. Hapa inabidi upumue kwanza. Dunia kumi na moja zingepangwa kwa mstari ndani ya kipenyo chake, na ukizikusanya sayari nyingine zote saba pamoja, Mshtarii peke yake inazishinda kwa uzito zaidi ya mara mbili. Ni bonge la hidrojeni na heli linalojizungusha kwa chini ya saa kumi, kasi inayofanya mawingu yake yajipange kwa mistari kama kikoi. Doa lake jekundu ni dhoruba pana kuliko dunia. Mwezi Januari mwaka 1610 Galileo aliielekezea darubini yake ndogo akaona vitone vinne vikiizunguka, na kwa kuviona alipata ushahidi kwamba si kila kitu angani kinaizunguka dunia. Mmoja wa miezi hiyo minne, Ganimede, ni mkubwa kuliko sayari ya Utaridi.

Zohali ndiyo yenye pete mashuhuri, ambazo si kitu kigumu bali ni vipande vya barafu visivyo na idadi, vingine kama punje ya mchanga na vingine kama nyumba. Pete hizo zina upana wa kilomita laki mbili na zaidi kutoka ukingo hadi ukingo, na unene wake mahali pengi ni makumi ya mita tu. Mwaka 2025 idadi ya miezi yake inayojulikana ilifika 274. Uranusi imelala ubavu, ikizunguka jua kama gurudumu linalobingirika, na mwaka wake ni miaka 84 ya kwetu. Aliyeigundua, William Herschel, alikuwa mwanamuziki, na mwanzoni alidhani ni nyotamkia. Neptuni ilipatikana kwa hesabu kabla ya kuonekana: Mfaransa Le Verrier alikokotoa mahali inapopaswa kuwa, akawaandikia watu wa Berlin, nao wakaikuta mahali pale usiku wa tarehe 23 Septemba 1846. Imekamilisha mzunguko wake wa kwanza tangu siku hiyo mwaka 2011. Chombo kimoja tu kimewahi kupita karibu na sayari hizi mbili, Voyager 2, mwaka 1986 na mwaka 1989.


NyaraWaSoroti alijibu:

Mwalimu mwenzangu, maelezo ya kaka yetu wa Kasese ni mazuri, lakini ukimwambia mtoto wa kidato cha kwanza kilomita milioni 150 ataandika daftarini na hatahisi chochote. Mimi hufundisha shule ya msingi, na nitakuambia ninachokifanya uwanjani.

Azima tairi kuukuu la lori, ambalo kipenyo chake ni kama mita moja, ulisimamishe kwenye goli moja la kiwanja cha mpira. Hilo ndilo jua. Kwa kipimo hicho, dunia ni punje ya njegere, na mahali pake ni nyuma kidogo ya goli la upande wa pili, mita 107 kutoka kwenye tairi. Utaridi ni punje ya mtama katika mita ya 42, hujafika katikati ya kiwanja. Zuhura ni njegere nyingine katika mita ya 78. Mwezi wetu ni punje moja ya simsim, nao unakaa sentimita 28 kutoka kwenye njegere ya dunia, shibiri moja na vidole viwili. Binadamu hajawahi kwenda mbali zaidi ya jirani ya simsim hiyo. Mirihi ni choroko katika mita ya 164, kwa hiyo itabidi umtume mtoto atoke nje ya kiwanja.

Baada ya hapo mchezo unakushinda, na huko kushindwa ndiko somo lenyewe. Mshtarii ni chungwa kubwa, lakini unapaswa kulipeleka mita 560. Zohali ni chungwa dogo zaidi kidogo, kilomita moja na ushee. Uranusi na Neptuni ni ndimu mbili ndogo, moja kilomita mbili kutoka shuleni na nyingine kilomita tatu na robo, na hapo utahitaji boda boda. Huwauliza watoto wasimame karibu na njegere, walitazame tairi kwenye goli la mbali, halafu wajiambie kwamba kila kilicho kati yao na tairi, isipokuwa punje mbili, ni utupu mtupu.

Ipo hesabu moja zaidi ambayo huwanyamazisha hata wakubwa. Kwa kipimo hichohicho, mwanga, ambao hakuna kinachoushinda mbio, ungetembea shibiri moja kila sekunde, mwendo wa kobe. Na ukitaka kuiweka nyota iliyo jirani zaidi na jua letu, tairi lake lingekaa kilomita 29,000 kutoka uwanjani kwako, ilhali upande wa pili kabisa wa dunia hii ni kilomita 20,000. Hakuna mahali pa kuliweka.


JiraniWaMalaba alijibu:

Mimi niko upande wa Kenya wa mpaka, na nimesoma kwa vitabu vinavyosema Sumbula na Sarateni, kwa hiyo niruhusuni nivitetee kidogo. Mzee amesema ukweli kuhusu asili ya maneno, lakini lugha ni ya wanaoitumia. Mamia ya wanafunzi wa rika langu waliandika Sumbula katika mtihani wakapewa alama, na neno likishatumika na kufahamika, kosa la mwanzo huwa limegeuka kuwa Kiswahili. Tunayo maneno mangapi yaliyoingia kwa kusikika vibaya, na leo hayana mtu wa kuyasahihisha? Je, mwanafunzi wa Uganda akisahihishiwa karatasi na mwalimu aliyesoma kama mimi, nani atambebea mzigo huo?


MzeeWaBombo alijibu:

Jirani, hoja yako ina uzito, na nusu yake ninaikubali. Kama watu wangeamua kwamba Mshtarii iitwe Sumbula, na wakaelewana, nisingekesha kwa ajili hiyo. Shuke la nafaka halina ubaya. Ninalolikataa ni Zohali kuwa sayari mbili kwa wakati mmoja. Mtu wa Tanga akikuambia kwamba Zohali ina pete, na wewe unadhani anaizungumzia ile ya saba, hamjaelewana, na jina lisilowaelewanisha watu limekosa kazi. Vivyo hivyo kwa Utaridi: huyu ameielekeza kwenye moto na yule kwenye barafu.

Kwa upande wa mtihani, shauri langu kwa Mwalimu ni kwamba awazoeshe wanafunzi kuandika jina pamoja na nafasi: Zohali, sayari ya sita kutoka kwenye jua. Msahihishaji aliyesoma kitabu chochote atajua mwanafunzi amekusudia nini, na mwanafunzi mwenyewe hatajichanganya.


MvuviWaPakwach alijibu:

Naona swali la mwisho la Mwalimu halijajibiwa, na ndilo ninalolijua, kwa sababu kazi yangu iko mtoni usiku. Sayari tano zinaonekana kwa macho matupu, na ni zilezile tano alizozitaja Mzee. Uranusi, kwa mwenye macho makali na giza kamili, huonekana kwa shida kama nukta hafifu, lakini bila ramani hutaitofautisha na nyota. Neptuni haionekani kabisa bila darubini.

Sisi wa Uganda tumebahatika kwa sababu ikweta inapita kwetu. Sayari hufuata takribani njia ileile ya jua, na kwa kuwa jua letu hupita karibu na utosi, sayari nazo hupanda juu sana, wakati watu wa Ulaya huziona zikijikokota karibu na upeo wa macho katika majira fulani. Utaridi hasa, ambayo haiachani na jua na huonekana kwa muda usiozidi saa mbili baada ya magharibi au kabla ya mapambazuko, kwetu huzama wima, kwa hiyo ni rahisi kuipata kuliko huko kwao. Tafuta mahali ambapo upande wa magharibi hauna miti wala vilima. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, na nusu saa baada ya hapo ndio wakati wenyewe.

Zuhura haihitaji kutafutwa. Ndiyo ambayo wazee huiita nyota ya jioni au nyota ya alfajiri, bila kujua daima kwamba ni moja, na hung'aa kuliko chochote angani usiku isipokuwa mwezi. Alama yake ni kwamba huwezi kuiona usiku wa manane: hukaa saa tatu hivi baada ya jua kuzama, au hutangulia jua asubuhi kwa muda kama huo. Ukiona kitu cheupe, king'avu na kitulivu kikiwa utosini saa sita za usiku, hiyo ni Mshtarii. Mirihi utaijua kwa wekundu, lakini ina tabia ya kufifia na kung'aa, na hutukaribia kila baada ya miezi 26 hivi. Zohali ina rangi ya manjano hafifu, haina fahari, na huhama polepole. Hukaa katika buruji moja zaidi ya miaka miwili, wakati Mshtarii huhama kila mwaka. Kwa jumla sayari hazimetimeti kama nyota, mwanga wake hutulia. Ukiwa na simu yenye programu ya Stellarium unaielekeza juu nayo inakutajia jina, ila majina yatakuwa ya kigeni na utarudi kwa Mzee.

Kama kuna mtu mwenye darubini ndogo ya macho mawili, ile wanayotumia watalii kutazama ndege, iazimeni. Iegemezeni ukutani ili isitikisike, muielekeze kwa Mshtarii, na mtaona vile vitone vya Galileo vimejipanga kwa mstari, usiku huu vitatu, kesho vinne. Pete za Zohali hazitaonekana kwa hiyo. Zinataka darubini yenyewe. Na kabla ya kumpa mtoto chombo chochote, jua liwe limekwisha kuzama, maana kulitazama kwa darubini hata mara moja hupofusha.

Nikiandika haya ninakumbuka tarehe 3 Novemba 2013, jua lilipopatwa kabisa hapa Pakwach. Watu walikuja kutoka nchi nyingi. Ilikuwa saa kumi na moja na ushee jioni, na giza lenyewe halikutimiza nusu dakika. Wengine walipiga kelele, mimi nilitazama juu, mbali na lile duara jeusi, na Zuhura ilikuwepo, imewaka mchana, mahali palepale ilipokuwa jana yake bila sisi kuiona.


MwalimuWaMbale alijibu:

Ninawashukuru nyote, na Mzee, nimeyaandika maneno yako kwenye karatasi kubwa ukutani, jina na nafasi, kuanzia Utaridi ya kwanza hadi Neptuni ya nane. Chini yake nimeweka mstari na kuandika majina ya kitabu cha Busia, ili atakayekutana nayo ayatambue. Jirani wa Malaba asidhani nimemsahau.

Jana tulilibingirisha tairi kutoka gereji iliyo karibu na lango la shule. Njegere ya dunia iliangushwa na kupotea kwenye nyasi, na darasa zima likapiga magoti kuitafuta. Yule mwanafunzi aliyeniuliza kuhusu vitabu alisema kwamba, kama mtu angekuwa kwenye tairi, asingeweza kuijua dunia iko wapi hata kama angeambiwa. Mvulana aliyebeba chungwa la Mshtarii alilila njiani, kwa hiyo mfumo wetu wa jua una sayari saba kwa sasa.

Jioni tulikaa uwanjani hadi saa mbili. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, na kwa mara ya kwanza sikulalamika. Mawingu yalifunga upande wa mlima wa Masaba, lakini magharibi palikuwa wazi. Tutarudi kila Ijumaa mpaka mwisho wa muhula, na kila mwanafunzi atachora alichokiona na kuandika saa. Kama kuna mwanajukwaa aliye karibu na Mbale mwenye darubini ya kutazama ndege, anijulishe hapa, nitaifuata mwenyewe na kuirudisha Jumamosi asubuhi.